Eda Niliyojiwekea

Mwanamke akifiwa na mume, sheria yetu iko wazi. Atakaa eda miezi minne na siku kumi, hatatoka, hatajipamba, hatajifukiza udi, na zikiisha ataoga, atavaa nguo mpya, atarudi kwa watu. Akifiwa na mtoto anapewa siku tatu. Siku ya tatu watu husoma, hula, hukunja majamvi, na mama huachiwa masufuria ya kuosha.

Sikubishana na sheria wakati ule wala sibishani nayo sasa. Nasimulia yaliyonipata kwa sababu wajukuu zangu huuliza mbona mlango wa nyumba hii haufungwi mchana, hata siku ambazo nimewakasirikia majirani wote.

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa homa, hapa hapa Malindi, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Alikuwa amefika Yasini katika chuo cha Kurani. Meno yake mawili ya mbele yalipishana. Nikisuka kili, zile kanda ndefu za majani zinazoungwa kuwa mikeka, alikuwa akija kulala kifudifudi juu yake, nami nikimwambia ondoka, husema, "Nakunyooshea, mama." Juu ya homa yenyewe sitasema zaidi. Aliyewahi kuuguza anajua, na ambaye hajawahi haina haja aambiwe.

Watu walikuja wakanipa mkono. "Makiwa." "Tunayo." Siku ya tatu wakaenda zao, na mimi nikabaki ndani.

Hakuna aliyeniweka eda. Nilijiweka mwenyewe, na nikaikaza kuliko ile ya sheria. Nilivaa shuka nyeupe ya merikani, nikavua bangili, nikaacha wanja na hina. Kisimani nilikwenda kabla hakujapambazuka vizuri ili nisikutane na mtu. Nikirudi nafagia, nakoka moto, napika uji wa mtama. Mume akitoka nafunga mlango kwa komeo, naketi mahali pale pale karibu na kizingiti cha ua, nasuka ukili mpaka adhuhuri. Baada ya kuswali, wali na mchuzi wa papa. Kila siku papa. Kisha ukili tena mpaka giza liingie. Ukili ukifika urefu wa mkeka naukunja, nautundika darini, naanza mwingine. Sikushona hata mkeka mmoja. Mkeka ukishashonwa hutandikwa, na ukitandikwa watu huja kuukalia, na mimi sikutaka watu.

Lililowachekesha na kuwaudhi majirani ni kwamba mume nilikuwa naye. Alikuwa hai, mzima, anakula. Alikuwa mshoni, akikaa na cherehani yake kwenye baraza la duka la Banyani, na kila aliyepita kununua kitambaa alimwona pale na mguu wake mmoja umekunjwa. Wanawake walikuwa wakisema nyuma ya ukuta wangu kwa sauti ya kutaka nisikie:

"Yule wa eda hajambo?"

"Mwenyewe hajambo, na marehemu yuko barazani anashona kanzu."

Nilisikia. Nilisuka.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Jioni akirudi alinitazama, akatazama darini, akaosha mikono. Mara moja tu alisema, "Mama watoto, leo hakuna samaki mwingine sokoni?" Nikamwambia wapo. Kesho yake nikapika papa.

Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja, msichana, ambaye meno ya utotoni yalikuwa yanaanza kumtoka. Huyu naye nilimweka ndani. Chuoni hakwenda, maana niliogopa homa, na kucheza nje hakucheza, maana niliogopa kila kitu. Alikuwa mtoto mtulivu, nami nikajisifu moyoni kwamba ana adabu. Sikutambua kuwa alikuwa amezoea kunong'ona.

Aliyetambua ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa Mambrui. Alikuja siku moja na kikapu cha mihogo, akaingia bila kungoja kukaribishwa, kama kawaida yake. Nilimpa maji. Akamwona mtoto pembeni anacheza na mwanasesere aliyemfunga kitambaa cheupe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Huyu mwanao ana nini?" akamuuliza.

Mtoto akanong'ona, "Hatoki, shangazi."

"Mgonjwa?"

"Yuko eda."

"Lo. Kafiwa na mume?"

"Hana mume. Yuko eda tu."

Wifi yangu alinitazama usoni. Kisha akasema, "Wifi, mimi sina maneno mengi."

"Huwa unayo," nikamwambia.

"Leo sina. Mtoto huyu nitamchukua nikamlee. Kwangu kuna watoto wenzake, kuna kelele, kuna mbuzi. Hapa humlei, unamzika pole pole. Mwezi huu ukiisha nitamfuata."

Shangazi kumchukua mtoto wa ndugu yake akamlea si jambo geni kwetu, na hakuna kadhi utakayemwendea kulalamika. Mume wangu alikuwepo. Alikata uzi kwa meno, akaendelea na pindo lake, na mimi nikajua kwa kunyamaza kule kwamba amekubaliana na dada yake.

Utadhani nilifungua mlango siku ile ile. Sikufungua. Niliufunga mapema zaidi, nikawa nasuka na mtoto ameketi mbele ya magoti yangu ili nimwone. Nilikuwa na mmoja, na huyo mmoja angechukuliwa, na kitu pekee nilichojua kufanya ni kile kilichokuwa kinamfukuza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Sijipambi.

Katikati ya mwezi ule mume wangu alikwenda Takaungu kushona nguo za harusi, akakaa huko. Kiti chake kwa Banyani kikawa kitupu.

Wakati huo alikuwa akija mama mmoja wa Kigiriama kuniletea miyaa, yale majani ya kusukia. Alikuwa akitoka ng'ambo ya mto Sabaki na mzigo wake kichwani, akiuza Mambrui kwanza na kinachobaki ananiletea mimi. Alikuwa ameanza kuja msimu ule ule, kwa hivyo hakuwahi kumjua mwanangu, na hakuna aliyekuwa amemsimulia. Aliweka mzigo kizingitini, akafuta jasho.

"Bibi, leo sikumwona mzee kwa yule Banyani."

Nikamwambia aweke miyaa kivulini isikauke.

"Na wewe kila nikija u katika nyeupe. Mbona?"

"Niko eda," nikamwambia. Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mwenyewe kila asubuhi.

Alifunika kinywa kwa kiganja. Akafungua mzigo wake upya, akatoa tita moja zaidi, akaliweka juu ya yale niliyochagua. "Hili la pole," akasema. "Kwehu tungekupigia ngoma usiku kucha, lakini nyinyi mnakaa kimya." Akaondoka taratibu, anatembea kwa adabu kama mtu aliyetoka mazikoni. Mimi nikaona ni mwanamke mwema na nikaendelea na kazi yangu. Haikunipitia akilini kwamba eda anayoijua yeye, kama wanavyoijua watu wote wa pwani hii, wawe Waislamu au wasiwe, ni ya mwanamke aliyefiwa na mume.

Mume wangu alirudi kutoka Takaungu jioni moja na kifua kimembana. Kesho yake hakwenda dukani. Mchana alikuwa chumba cha nyuma anakula, mimi niko uani nakuna nazi, mtoto yuko na mwanasesere wake, nikasikia kilio kinakuja uchochoroni. Kilio cha msiba kina mwendo wake, hukichanganyi na kilio kingine. Nikaacha kukuna. Nikajiuliza ni nyumba gani. Kikaja, kikaja, kikasimama mlangoni kwangu, na komeo likatikiswa.

Nilipofungua, wifi yangu aliniangukia mabegani. Nyuma yake walikuwako wanawake wengine wa Mambrui, miguu imejaa matope ya mtoni.

"Ndugu yangu," akalia. "Ndugu yangu wa tumbo moja, mmemzika bila mimi. Nimekukosea nini, wifi? Nilisema nitamchukua mtoto, ndiyo, lakini ndiyo unizikie ndugu yangu kimya kimya kama paka?"

Sikuelewa hata neno. Nilisimama na mikono yangu imejaa chicha. Majirani walikuwa wamekwisha kusikia. Wale waliokuwa wakisema nyuma ya ukuta waliingia wote kwa mlango ule niliokuwa nimewafungia, wengine wameshika vichwa, wengine wanauliza nani, nani. Mmoja wao, wa nyumba ya tatu, akaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani.

Mume wangu akatokea mlangoni mwa chumba na tonge la wali mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

Wifi yangu akageuka. Alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekufa. Niko njiani tangu asubuhi nakulilia." Akamwendea, akampiga kofi la begani, la pili, kisha akamkumbatia, na tonge likaangukia kwenye buibui lake.

"Nina kifua tu," akasema mume wangu.

Hapo nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka kama kwikwi na hakikunisikiliza nilipokikataza. Baadaye majirani walisema nilikuwa nalia. Hawakutazama vizuri. Nilicheka mpaka nikashika nguzo, na mtoto wangu akaja akanishika shuka, ananitazama usoni, maana hakukumbuka kuniona hivyo.

Aliyenyamazisha kelele ni somo wangu, yule bibi aliyenichezea unyago na kuniingiza nyumbani kwa mume. Alikuwa mzee sana kufikia wakati huo, na fimbo yake ilimtangulia kila mahali. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, "Sasa nataka kujua maiti huyu aliyekula mchuzi wa papa amekufaje."

Wifi akajibu, "Yule mama wa miyaa kaniambia kwa kinywa chake. Kamwona mkewe katika nyeupe, kiti cha mume kitupu, na mkewe kamwambia yuko eda."

Wote wakanigeukia.

"Nilisema," nikakubali.

"Eda ya nani?" akauliza somo.

"Ya mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Waliokuwa wakinitania nyuma ya ukuta walitazama chini.

"Mwanangu," akasema somo, na sauti yake haikuwa ya kunibembeleza, "anayekaa eda ana kitu anachokingoja. Anangoja ijulikane kama tumboni mna mtoto, anangoja siku zake ziishe, anangoja posa nyingine. Wewe unangoja nini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa kweli, kwa sababu kwa somo huwezi kusema uongo, na nikaona singoji kitu.

"Tena," akasema, "kama uko eda, huyu bwana analala wapi?"

Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Mume wangu akapangusa mkono, akatoka zake barazani, anakohoa. Nasikia Banyani alikuwa amefunga nusu ya mlango wa duka kwa heshima ya msiba, na alipomwona marehemu anatoka akaufungua tena bila kuuliza kitu.

Mimi nikaenda jikoni. Watu walikuwa wamekuja, wengine wametoka mbali, na hawajala. Kilio kisicho na maiti bado kina watu, na watu wana matumbo. Mchele haukutosha, jirani akaenda kuongeza wake. Papa hakutosha, na hilo halikunisikitisha. Mwingine akaleta samaki mbichi aliyekuwa amemnunua kwa ajili ya nyumba yake. Niliwafokea waliokata vitunguu vinene, wakaninong'onea, "Mwenye eda kapata ulimi," na nikawafokea tena.

Tatizo likawa pa kuwakalisha. Nyumba ilikuwa na mkeka mmoja wa kulia na mswala wa kusalia. Somo akainua macho darini.

"Na zile ni nini? Nyoka?"

"Kili," nikamwambia.

"Za mikeka mingapi?"

"Sijui."

"Hukushona hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akanyoosha fimbo, akaangusha furushi moja, likafunguka uani mpaka mlangoni. Akausugua ukili kwa kidole gumba. "Huu unakata ngozi. Ulikuwa unasuka au ulikuwa unanyonga mtu? Leteni shazia." Shazia ni sindano kubwa ya kushonea mikeka, na kila nyumba ilikuwa nayo. Zikaletwa. Baada ya kula, wanawake waliokuja kulia walikaa chini, kwenye sakafu, wakaanza kuunga kili zangu, wengine upande huu, wengine upande ule, na mimi katikati nawaambia wapi wamekosea.

Kabla jua halijatua wifi yangu alinivuta kando. Nilijua anachotaka kusema.

"Nilikuja na kilio," akasema, "na njiani nilisema nikishamlilia ndugu yangu nitaondoka na mtoto leo leo, asibaki na mjane."

"Mimi si mjane."

"Naona." Alifuta tonge lililokauka kwenye buibui lake. "Binti yangu anaolewa mwezi wa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Sitamchukua mtoto leo. Utamleta wewe, kwa miguu yako, harusini, na utakaa kama watu wanavyokaa. Ukija, tutazungumza. Usipokuja, nitamfuata na sitataka chai."

"Nitakuja," nikasema. Kusema ni rahisi.

Nikamuuliza somo kama ataniosha, kama ilivyo mwisho wa eda. Akasema, "Nikutoe wapi? Hukuwemo. Utatoka mwenyewe."

Basi, kutoka kulikuwa polepole. Kesho yake nilifunga mlango kama kawaida, na baada ya alasiri ukagongwa. Mikeka ilikuwa haijaisha, wanawake wametaka kuendelea, shazia zao ziko kwangu. Siku nyingine nilifungua, siku nyingine nilijifanya sisikii. Nilipojifanya sisikii, yule wa nyumba ya tatu alipiga mlango na kusema, "Tunajua umo, marehemu katuambia." Nilianza kumtuma mtoto kupeleka shazia hii nyumba ile na kurudisha uzi nyumba hii, kwa sababu mimi sikutaka kutoka. Akawa anachelewa. Kisha akawa anarudi mbio. Siku moja nikamsikia anapiga kelele uchochoroni, ananiita kutoka mbali, "Mama, uzi hawana," na nikasimama na kitambaa mkononi, maana sikuijua tena sauti yake ilivyo kubwa.

Mikekani watu husema mambo. Jioni moja yule wa nyumba ya tatu, bila kuinua macho kwenye kazi, alisema, "Marehemu mwanao alikuwa akija kwangu kila Ijumaa kula vitumbua. Alikuwa akisema mama yangu hajui kuvipika."

Mikono yote ikasimama. Tangu siku ya tatu hakuna aliyekuwa amemtaja mbele yangu.

"Alisema hivyo?" nikamuuliza.

"Alisema. Alisema vyako ni kama kokoto."

Nilikasirika. Nilikunja kazi yangu, nikaingia ndani, na niliposikia wanaondoka sikutoka kuwaaga. Usiku ule nilimkasirikia mwanangu kama ninavyomkasirikia mtoto aliye hai, na nilipoamka hasira ilikuwa imegeuka kitu kingine. Wenzangu waliporudi alasiri nikamuuliza, "Alikuwa akila vingapi?"

"Mpaka akiona aibu," akasema. "Halafu anatia kimoja mfukoni, anasema cha dada."

Mwingine akasema alikuwa akimsaidia kuteka maji na kumnyunyizia makusudi. Mwingine akasema alimkimbiza siku moja kwa kumwangulia maembe, akamkuta amejificha ndani ya kapu lake mwenyewe. Haya sikuyajua. Nilikuwa nimejifungia ndani na yule mvulana mmoja niliyemjua mimi, na kumbe nje watu walikuwa na wengine. Nikawa nauliza. Nikawa nauliza kila siku, wakati mwingine jambo lile lile mara mbili, nao hawakuchoka, au walichoka na hawakunionyesha.

Msichana wangu nilimpeleka chuoni mwenyewe. Nilisimama mbali na mlango, nikiwasikia watoto wakisoma pamoja. Mwalimu alikuwa yule yule. Alinijua, akainamisha kichwa, akamwambia mtoto akae mbele. Nilirudi kwa njia ndefu, na tangu siku hiyo komeo sikulitia tena mchana.

Mfungo mosi ulipokuja, mume wangu aliniletea leso ya kisutu, ile ya kuvaliwa harusini, ameikunja chini ya nguo za wateja kama kitu alichokiiba. "Mambrui kuna watu," akasema. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonitolea mwaka ule. Merikani niliikata nikafanya vitambaa vya jikoni.

Tuliondoka asubuhi mimi na mtoto na wanawake wawili wa mtaani, mmoja wao yule wa nyumba ya tatu, wamechukua mkeka mmoja mkubwa wa zawadi, uliokuwa na kushona kubaya upande mmoja, na kila aliyeukamata alisema ni upande wa mwenzake. Kivukoni Sabaki tulimkuta yule mama wa Kigiriama anangoja mtumbwi. Aliponiona na kisutu changu alitaka kugeuka.

"Njoo hapa," nikamwambia.

"Bibi, nilikuua mume."

"Hakufa vizuri. Bado anakohoa."

Alicheka kwa haya. Nikamweleza kwamba eda ilikuwa ya mwanangu. Hakusema pole tena. Alisema yeye amezika wawili, na akaniuliza wangu aliitwaje. Nikamtajia. Akalirudia jina mpaka akalipatia, na mtumbwi ukaja.

Mambrui nyumba ya harusi ilikuwa imejaa mpaka uani. Vishindo, vigelegele, watoto wanapita miguuni kama kuku. Mtoto wangu aliponyoka mkononi kabla sijavua viatu, na sikumwona tena. Niliketi karibu na mlango, nikajifunika, nikajiambia nitangoja kidogo kisha nimtafute turudi. Mtu akanipa mtoto mchanga nimshike huku yeye anakwenda kupakua. Mwingine akaniuliza kama wali wa nazi umekaribia kukauka, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu na jiko. Nikautazama. Haukuwa umekaribia, na wangeutoa ungekuwa uji. Nikawaambia. Wakanipa mwiko.

Jioni wifi yangu alikuja amenishikia mtoto mkononi. Nguo yake ilikuwa imechanika pindo, miguu yake vumbi tupu, jino moja limetoka na alikuwa analionyesha kwa kila mtu.

"Nimemuuliza kama anataka kukaa na mimi," akasema wifi.

Nilishika mwiko.

"Kasemaje?"

"Kasema anataka kukaa mpaka ngoma ziishe. Nikamuuliza, na mama yako? Kasema, na mama." Alinitazama jinsi alivyonitazama siku ya mihogo. "Mwarudi kesho?"

Tangu mwanangu afe sikuwa nimelala nje ya nyumba yangu. Nilitazama uani. Yule wa nyumba ya tatu alikuwa anabishana na mpishi wa Mambrui juu ya chumvi, na alikuwa anashindwa.

"Harusi haijaisha," nikasema. "Nirudi wapi?"

Wifi yangu aligeukia ndani. Aliwaita wasichana wake, akawaambia watandike chumba cha ndani, watie mito miwili, mmoja wa mtoto. Tulikaa mpaka fungate ya bibi harusi ikaisha. Asubuhi ya kuondoka alitusindikiza mpaka kivukoni, na habari ya kumchukua mtoto hakuitaja tena, siku ile wala baadaye. Alitaka tu kujua kama kili zimebaki, na kama nitamshonea mkeka wa pili, safari hii pande zote mbili nishone mimi.